Unapolipa Kiingilio cha Bwawani, Unanunua Nini?

(Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi mjini Same, kuelekea likizo ya Desemba)



Nimealikwa kuzungumza juu ya haki za mlaji, nami nimeomba ruhusa nisizungumzie sukari, saruji wala dawa za mifugo, kwa kuwa wenzangu wamekwisha kuyasemea hayo mara nyingi. Nataka kuzungumzia siku moja tu katika mwaka: ile siku ambayo familia huamka mapema, ikafunga chakula kwenye kikapu, ikawachukua watoto kwenda kuogelea na kupanda mabembea. Ni siku ya furaha, na fedha yake huwa imewekwa akiba kwa miezi. Ni siku ambayo pia mlaji huwa mpole kupita siku zote, kwa sababu hakuna mzazi atakaye kugombana langoni mbele ya watoto waliokwisha kuvua viatu.

Sisi tuliozaliwa upande wa Kilimanjaro tumezoea kuwatania kwamba Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kwa shughuli iliyonileta leo, naomba moyo huo huo. Ng'ombe na abaki zizini, lakini yale maswali ya Mpare aliyedhulumiwa kuku, nayataka yote langoni mwa bwawa.

Neno «mlaji» huwachekesha watu, wakadhani twasema juu ya ugali. Mlaji ni yeyote anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe. Aliyelipa kiingilio ili mwanawe ateleze kwenye mtelezo wa maji ni mlaji sawasawa na aliyenunua kilo ya sukari, tena mlaji wa jambo la hatari zaidi. Rais Kennedy wa Marekani alipolipelekea Bunge la nchi yake ujumbe tarehe 15 Machi 1962 na kutaja haki nne za mlaji, ya kwanza kutajwa ilikuwa usalama. Haki ya kupewa habari za kweli, ya kuchagua na ya kusikilizwa zilifuata nyuma. Tarehe hiyo ndiyo leo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani.

Twende sasa kwenye hali yetu. Kila Desemba nyumba za Chome, Mbaga, Gonja na Mamba hujaa wajukuu waliotoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma. Siku tatu za kwanza hufurahia baridi ya mlimani na maziwa ya bibi. Siku ya nne huanza kuuliza, «Bibi, hapa bwawa la kuogelea liko wapi?» Hapo ndipo safari hupangwa. Wengine huteremka kwenda kwenye mabwawa ya hoteli za Moshi. Wengine hufika hata chemchemi za Chemka wilayani Hai, zenye maji maangavu chini ya mikuyu. Wenye ndugu Dar es Salaam hupanga kwenda Kunduchi, kwenye bustani ya maji yenye mitelezo mirefu, ambayo watoto wengi wa Tanzania wameisikia kabla ya kuiona. Na wasiokwenda mbali hupata burudani kwenye viwanja vya karibu, ambako sikukuu huleta mabembea na yale majumba ya mpira yaliyojazwa upepo ili watoto warukeruke ndani yake.

Watoto hawa, wa mjini na wa hapa, wana jambo moja linalowaunganisha: wengi wao hawajui kuogelea. Milima ya Pare ina maji, na uwanda wake una kiu. Wazee wenu walilitambua hilo zamani, wakachimba ndiva ili maji ya usiku yakusanywe na kumwagilia mashamba mchana. Lakini ndiva ni akiba ya shamba, si mahali pa kujifunzia kuogelea, na mtoto aliyekutwa akichezea humo alijua kinachomngoja nyumbani. Huku uwandani nako, mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaoyachukua maji Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa mwaka 2025 tu. Katika nchi iliyohangaika hivi kupata maji ya kunywa, si ajabu mtoto kufika miaka kumi bila kusimama ndani ya maji yaliyompita kiunoni. Kwa hiyo mzazi wa Same alipapo kiingilio, analipia mtoto asiyejua maji aingie majini. Hapo ndipo swali langu linapoanzia: fedha ile imenunua kitu gani?

Wengi hudhani wamenunua ruhusa ya kupita langoni. La hasha. Mmenunua huduma, na ndani ya huduma hiyo kuna maji masafi, vifaa vizima, na jicho la mtu aliyefunzwa kuokoa. Ikiwa kimoja kati ya hivyo hakipo, mmeuziwa kitu pungufu kwa bei kamili.

Karibu na dirisha la tiketi huwa pana bango, nalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi nyekundu: UONGOZI HAUTAHUSIKA NA AJALI, UPOTEVU WA MALI WALA MADHARA YOYOTE YATAKAYOMPATA MTEJA. Maneno hayo hurudiwa nyuma ya tiketi kwa herufi ndogo mno. Nimewasikia wazazi wengi, baada ya mtoto kuumia, wakisema kwa unyonge, «Tungefanyaje, bango lilikuwapo.» Nataka tulisome bango hilo pamoja, kwa sababu limewanyamazisha watu wengi wasiostahili kunyamaza.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ijulikanayo kwa herufi FCC, na ndiyo sheria kuu ya kumlinda mlaji Tanzania Bara. Sheria hiyo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kwa maneno, kwa picha au kwa mwenendo. Aidha, inauingiza ndani ya mkataba wa huduma wajibu ambao hauhitaji kuandikwa mahali popote: kwamba huduma itatolewa kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Mwenye bwawa hawezi kuufuta wajibu huo kwa rangi na brashi. Akiwa ameacha waya wa umeme wazi, ngazi yenye chuma kilichokatika, au bwawa zima bila mwokoaji, bango halimvui lawama.

Lingine ni hili. Tiketi ni mkataba. Ni mkataba ulioandikwa na upande mmoja, ukachapwa kwa maelfu, na wewe hukuulizwa neno lolote. Kazi yako ni kulipa au kuondoka. Mikataba ya namna hiyo, ya kuandaliwa na upande mmoja kwa ajili ya walaji, ni miongoni mwa mambo ambayo Tume ya Ushindani imepewa mamlaka ya kuyasimamia, ili masharti ya kumwonea mlaji yaondolewe. Kwa hiyo hata nyuma ya tiketi panaweza kulalamikiwa. Hilo si watu wengi wanaolijua, na naona wenye biashara hawana haraka ya kulitangaza.

Hata hivyo nisiwapotoshe kwa upande wa pili. Bango lina maana moja iliyo halali, nayo ni onyo. Ukiacha simu juu ya benchi ukaingia majini, usimtazamie mwenye bwawa ailipe. Mtoto wa miaka kumi na mitano akipiga mbizi mahali palipoandikwa wazi kwamba maji ni mafupi, huku mwokoaji akimpigia filimbi, lawama haitakuwa ya upande mmoja. Ninachosema ni kwamba kabla hamjakubali kuwa kosa ni lenu, ulizeni kwanza yeye alitimiza nini.

Kuna jambo ambalo bango halilitaji kabisa, nalo ndilo linaloniogopesha kuliko mengine: idadi ya watu. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto walifurika katika ukumbi mmoja mjini Tabora kwa ajili ya disko la watoto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikapungua, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walifariki dunia siku ile ya sikukuu, wakiwa wamevalishwa nguo mpya na wazazi wao. Tabora ni mbali na hapa, na ukumbi si bwawa. Lakini kilichotokea kule kinaweza kutokea popote panapouzwa tiketi bila kikomo. Biashara ya burudani ya watoto hupata faida yake kubwa katika siku chache za mwaka, na siku hizo hizo ndizo ambazo mwenye biashara huona uchungu kumrudisha mtu langoni.

Bwawa lililojaa watu lina hatari ya pekee, kwa kuwa mwokoaji hawezi kumwona aliyezama chini ya miguu ya wengine. Basi ukifika langoni, uliza: «Mnapokea watu wangapi, na hadi sasa wameingia wangapi?» Kama karani hajui, au akikucheka, umekwisha kupata jibu. Rudi kesho. Chagua siku isiyo ya sikukuu yenyewe. Tarehe 28 Desemba maji ni yale yale, na umati ni nusu.

Sasa mambo ya kutazama kabla hamjalipa. Naomba mnielewe: kabla ya kulipa. Mwenye biashara mwadilifu atakuruhusu kutupa jicho ndani kwa dakika mbili. Anayekataa kuonyesha bwawa lake ni sawa na muuza maembe anayekataa usiguse embe.

Tazama maji. Simama ukingoni penye kina kirefu na utafute kile kifuniko cha tundu la kutolea maji, chini sakafuni. Ukikiona vizuri, maji yanafaa kuangaliwa. Usipokiona, hata mtoto aliyelala pale chini hutamwona. Kwa nchi kame kama yetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu maji ni ghali na mwenye bwawa hushawishika kuyatumia wiki baada ya wiki. Wala msidanganywe na harufu kali inayowasha macho. Watu husema, «Hapa ni pasafi, unasikia dawa.» Harufu ile kwa kawaida hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, bwawa lililotunzwa vyema halina harufu kali hivyo. Afisa Afya wa halmashauri ana mamlaka ya kuja kukagua, nanyi mnaweza kumwita.

Tazama mwokoaji. Simtaki yule kijana anayeuza soda huku akitupia macho majini mara mojamoja. Mwokoaji ni mtu ambaye kazi yake saa hiyo ni moja tu, aliyesimama au kukaa mahali anapoona bwawa lote, mwenye filimbi, na karibu naye pana boya la kurusha na fimbo ndefu. Si utovu wa adabu kumuuliza, «Mwanangu, unajua kuogelea? Umefundishwa kumpulizia pumzi mtu aliyezama?» Mwenye ujuzi hufurahi kuulizwa. Uliza pia sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, na mtu akijeruhiwa hupelekwa kituo gani cha afya, kwa gari gani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo hupigwa bure.

Tazama alama za kina. Zinapaswa kuandikwa kwa tarakimu ukingoni, na bwawa la watoto lazima litengane na la watu wazima kwa kitu kinachoonekana. Kwenye mtelezo, angalia kama pana mtu juu anayeruhusu mmoja mmoja, na mwingine chini anayehakikisha kwamba aliyeshuka amekwisha kuondoka. Mtelezo ambao watoto hupanda wenyewe na kushuka watatu watatu, kichwa mbele, haufai hata ukiwa bure. Kama pana kipimo cha kimo, kwamba mtoto asiyefika mstari huu asipande, msimwombee mtoto wenu msamaha. Nimeona akina baba wakibembeleza, hata wakitoa kitu kidogo, ili mtoto mfupi aruhusiwe. Kipimo kile ni cha mwili wa mtoto, hakihongeki.

Nalitenga kidogo lile jumba la mpira lililojazwa upepo, kwa sababu watu huliona kama godoro kubwa lisiloweza kumdhuru mtu. Desemba 2021, katika shule moja ya msingi mjini Devonport, kisiwani Tasmania nchini Australia, watoto walikuwa wakisherehekea kumaliza mwaka wa masomo ndani ya jumba la namna hiyo. Upepo ulilinyanyua likiwa na watoto. Sita kati yao walifariki. Anayeujua upepo wa uwanda wa Same, ule ushukao mchana ukapeperusha vumbi na mabati, hahitaji kuelezwa zaidi. Viwango vinavyotumika Ulaya vinataka jumba hilo lifungwe kwa mambo ya chuma yasiyopungua sita, yaliyopigiliwa ardhini, na lisitumike kabisa upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa. Sisi hatutembei na kipimo cha upepo mfukoni, lakini miti tunayo: ukiona miti midogo imeanza kuyumba, mtoe mtoto. Na jumba lililofungwa kwa kamba kwenye mawe mawili, au kwenye bampa la gari, msimwingize mtoto hata upepo ukiwa umetulia.

Nimesema mengi juu ya mwenye biashara; sasa niwaambie nanyi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha jambo hili. Kosa kubwa tulilonalo ni kudhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele. Hapigi. Mdomo wake umo majini, mikono yake inasukuma maji chini ili apate kichwa, na hana pumzi ya kuita. Huzama kimya, pengine chini ya dakika moja, mita mbili kutoka kwa mama yake anayesoma ujumbe kwenye simu. Kwa hiyo mwokoaji mliyemlipia ni jicho la pili. La kwanza ni lenu. Familia kubwa inapokwenda pamoja, kila mtu hudhani mwenzake anaangalia. Teueni mmoja kwa jina, awe zamu nusu saa, asile, asipige picha, kisha amkabidhi mwingine. Na mtoto asiyejua kuogelea awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Yale matairi na mabawa ya kuvaa mikononi ni michezo tu; hupasuka na kuchomoka.

Penye maji ya asili, hata kama kijana mlangoni anatoza kiingilio, chukulieni kwamba hakuna anayewaangalia. Kina hakijaandikwa, mawe hayaonekani, na kamba ya kujirushia hakuna aliyeipima. Ziwa Jipe na bwawa la Nyumba ya Mungu ni ya kutazama na kula samaki. Yana mamba, na mamba hajui likizo.

Sasa fedha, ambazo najua baadhi yenu mmezingoja kwa hamu. Mtego wa siku hizi ni bei ya langoni. Tuchukue mfano wa kubuni. Tangazo limesema watu wazima ni shilingi 10,000, watoto 5,000. Baba, mama na watoto wanne: 40,000. Mmeridhika, mmekodi usafiri, mmefika. Mkishalipa mnaambiwa hamruhusiwi majini bila vazi la kuogelea, nalo hukodishwa kwa 3,000: watu sita, 18,000. Matairi ya kuelea 2,000 kwa kila mtoto: 8,000. Mtelezo haumo katika kiingilio. Kila mpando ni 2,000, na watoto wanne wamepanda mara tatu tatu: 24,000. Kikapu cha chakula kimezuiwa langoni, basi chipsi na soda kwa 7,000 kila mmoja: 42,000. Mmetumia 132,000, zaidi ya mara tatu ya tangazo, na hapo sijataja nauli wala mpiga picha.

Je, kuna kosa la kisheria? Kuweka sharti la vazi si kosa. Lina maana hata kwa usafi. Kuzuia chakula cha nje si kosa, ingawa kumzuilia mtoto mchanga uji wake ni ukatili. Kosa ni kuyaficha hayo hadi mlaji awe amelipa, au kuonyesha picha ya mtelezo kwenye tangazo huku ukijua kwamba mtelezo umeharibika tangu mwezi uliopita. Hiyo ndiyo tabia ya kupotosha iliyokatazwa. Pigeni simu siku moja kabla, mwulize neno moja: «Familia ya watu sita, hadi jioni, kwa kila kitu, ni kiasi gani?» Ujumbe wa maandishi ni bora kuliko simu, kwa kuwa unabaki.

Na mkifika mkakuta bwawa limefungwa, au umeme umekatika na pampu hazifanyi kazi, daini fedha papo hapo, kabla hamjaanza kutumia chochote. Aliyekaa hadi saa kumi jioni, kisha akadai kurudishiwa kiingilio chote, ameudhoofisha mwenyewe mkono wake. Dai risiti ya mashine ya EFD pia. Ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wa mnunuzi kuidai. Watu huichukulia kuwa ni jambo la kodi tu. Kwa mlaji, risiti ndiyo ushahidi kwamba siku ile, saa ile, ulikuwa mteja mahali pale.

Wale wanaopenda kuona biashara ya matembezi ikiendeshwa kwa bei zilizotangazwa, hawana haja ya kwenda mbali. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi mwaka 2008, iko mlangoni petu, na lango la Zange ni kilomita chache kutoka tulipoketi. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa mkono kwa mkono, na sharti la kutoshuka garini ovyo huelezwa kabla. Faru wale hawatelezi majini, lakini wajukuu watawakumbuka.

Kuhusu usafiri sitasema mengi, kwa sababu mji huu bado una kidonda. Sote tunakumbuka tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, basi kubwa na Coaster iliyobeba watu waliokuwa wakienda harusini Moshi yalipogongana na kuteketea. Gari la kukodi kwa matembezi nalo ni huduma mliyoinunua. Mnayo haki ya kutazama matairi, kukataa kuzidishwa, na kumwambia dereva apunguze mwendo. Na kurudi usiku na dereva aliyeshinda juani kutwa si lazima.

Ikitokea ajali bwawani, tibuni kwanza. Mambo mengine yote yangoje. Mtoto aliyetolewa majini akiwa amepoteza fahamu apelekwe hospitali hata akizinduka na kucheka, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia baada ya saa kadhaa. Kwa majeraha, pitieni polisi mpate fomu namba 3, ile PF3. Mtu mwingine wa familia abaki nyuma na kupiga picha: ngazi iliyovunjika, kiti kitupu cha mwokoaji, maji yalivyo, na bango lenyewe. Achukue majina na namba za simu za walioshuhudia kabla hawajatawanyika. Hifadhini tiketi, risiti na utepe wa mkononi.

Halafu kuna karatasi. Mara nyingi meneja huja hospitalini jioni ile ile, ana huruma, ana bahasha, na ana karatasi isemayo «tumemalizana». Pokeeni huruma. Karatasi msiitie sahihi kabla daktari hajasema jeraha ni la kiasi gani. Mfupa wa mtoto hauonyeshi kila kitu siku ya kwanza.

Lalamiko lianze kwa mwenye biashara mwenyewe, kwa maandishi, nakala ibaki kwenu. Asipojibu, au akijibu kwa kejeli, pelekeni kwa Tume ya Ushindani ikiwa ni udanganyifu wa tangazo, sharti la uonevu kwenye tiketi, au huduma isiyolingana na ahadi. Uchafu wa maji na chakula mpelekeeni Afisa Afya. Leseni ya biashara, ambayo inapaswa kuonekana ukutani, ni ya halmashauri. Na dai la fedha litokanalo na mkataba laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Barua inaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha kawaida. Iwe na tarehe, mahali, mlicholipa, mlichoahidiwa, mlichopata, na mnachotaka kifanyike. Hilo la mwisho watu hulisahau: wanaeleza uchungu wao kurasa tatu, afisa anafika mwisho hajui kama wanadai fedha, wanataka bwawa lifungwe, au wanataka kuombwa radhi tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona mkono wa mama yule nyuma umekuwa juu tangu nilipotaja vazi la kukodi. Naomba tumsikilize.